Mali ya umma kwenye kampeni: maana yake nini hasa?

Juni 12, 1975, Jaji Jagmohanlal Sinha wa Mahakama Kuu ya Allahabad alitengua ubunge wa Waziri Mkuu wa India, Indira Gandhi, na kumzuia kugombea kwa miaka 6. Kura hakuiba. Jimbo la Rae Bareli alikuwa amelitwaa mwaka 1971 kwa tofauti ya zaidi ya kura 100,000. Mpinzani wake, Raj Narain, alimshitaki kwa mambo mengi, ikiwemo kugawa mablanketi na pombe, na hayo hayakuthibitika. Yaliyomnasa yalikuwa mawili. La kwanza, Yashpal Kapoor alimfanyia kazi ya kampeni akiwa bado mtumishi wa serikali. La pili, maofisa na wahandisi wa serikali walimjengea majukwaa ya mikutano na kumvutia umeme wa vipaza sauti.

Wapo walioliona hilo ni sawa na kumng'oa waziri mkuu kwa kosa la kuegesha gari vibaya. Mimi naona kesi hiyo inaeleza dhana hii kuliko kashfa yoyote ya mabilioni, kwa sababu inaonyesha kosa lenyewe liko wapi. Kiasi cha fedha si hoja. Hoja ni kwamba kitu kilichonunuliwa kwa kodi ya watu wote kimemsaidia mmoja wao kuwashinda wengine.

Kwa hiyo tunaposema matumizi mabaya ya rasilimali za umma katika kampeni, tunazungumzia chochote ambacho mtu amekipata kwa sababu ya cheo, kisha akakigeuza kuwa cha kuombea kura. Gari na mafuta yake ndivyo vinavyoonekana kwanza, kwa kuwa vina namba. Kenya macho ya watu hutafuta GK, herufi za namba za magari ya serikali. Tanzania hutafuta STK ya serikali, SU ya mashirika ya umma au DFP ya miradi ya wafadhili, na kila msimu wa uchaguzi hayakosekani malalamiko kwamba gari fulani limebandikwa namba za kiraia. Lakini rasilimali kubwa kuliko gari ni watu. Mwalimu anayeambiwa afunge darasa aende kujaza uwanja, dereva anayelipwa posho ya safari ya kikazi huku akimzungusha mgombea, ofisa habari anayetumia saa za kazi kuandika sifa za bosi: hao wote wanalipwa na wapigakura wa pande zote. Redio au televisheni ya taifa nayo ni mali ya umma, hata kama haibebi jenereta wala viti.

Kipimo ninachokipenda ni swali moja. Je, mpinzani wake angeomba kitu hichohicho, angepewa? Uwanja wa halmashauri unaokodishwa kwa bei moja kwa kila chama hauna neno. Uwanja huohuo ukiwa bure kwa mheshimiwa na "una matengenezo" kwa wengine, tumeshaingia kwenye kosa.

Hapa watu huchanganya na takrima. Takrima ni kumkirimu mpigakura, na anayetoa anaweza kutoa mfukoni mwake kabisa. Sheria ya uchaguzi ya Tanzania iliiruhusu kuanzia mwaka 2000, hadi Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Mambo hayo mawili hukutana pale mchele wa msaada wa njaa unapogawiwa na mgombea kana kwamba umetoka shambani kwake, lakini ni makosa tofauti.

Ugumu wa kweli uko kwa anayetetea kiti. Rais hawezi kuacha walinzi wake nyumbani kwa kuwa leo anakwenda kampeni. Sheria ya uchaguzi wa rais ya Uganda ya 2005 ililikiri hilo waziwazi: waziri anayegombea abaki na vifaa vya ofisi kwa kazi za ofisi tu, ila rais anaendelea kutumia vile vinavyoambatana na cheo chake. Kwa mgombea anayeshindana naye, mlango huo ni mpana mno.

Kenya ilijaribu kuubana kwa Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016. Kifungu cha 14 kinakataza mali ya umma kwenye kampeni, na kinamtaka mbunge, gavana, naibu wake au mwakilishi wa wadi anayegombea aieleze tume kwa maandishi ni vifaa gani anavyo kwa ajili ya cheo. Tena kinakataza serikali kutangaza mafanikio yake magazetini, hewani au kwenye mabango kipindi cha uchaguzi. Hilo la mwisho ndilo linalogusa pabaya, maana tangazo la barabara mpya halimtaji mgombea wala halisemi "mpigie kura". Halina haja. Kila anayelisoma anajua ni nani atakayekata utepe. Kifungu cha 15 nacho kinamzuia mtumishi wa umma kuanzisha mradi mpya kwa fedha za umma ili kumbeba mgombea au chama.

Kuhusu majukwaa ya Rae Bareli, upande wa Indira Gandhi ulijitetea kwamba yalikuwa ya usalama, kwamba waziri mkuu hapandi jukwaa lililojengwa na yeyote. Utetezi haukuwa wa kipuuzi, ila mahakama ile haikuukubali. Siku 13 baada ya hukumu ikatangazwa hali ya dharura, wapinzani wakakamatwa, kisha Bunge likabadilisha sheria ya uchaguzi, na mabadiliko yakarudishwa nyuma ili yaufikie hadi uchaguzi wa 1971. Novemba 7, 1975, Mahakama ya Juu ilipoipima rufaa kwa sheria hiyo mpya, majukwaa na umeme havikuwa kosa tena.