Vyungu vya Ikombe na mkataba wa 1890

Jumamosi, kwenye gulio la Lyulilo karibu na Matema, Wakisi hushusha vyungu kutoka kwenye mitumbwi kimoja kimoja, huku vikiwa vimetengwa kwa nyasi visigongane. Vimetoka Ikombe, chini ya milima ya Livingstone, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa. Malawi inadai maji ya upande huu ni yake hadi ufukoni kwetu, na Tanzania inadai mpaka uko katikati ya ziwa. Kazi yangu ni kupima ardhi, na kila nikiviona najikuta nafanya hesabu ya kijinga: ukiufuata mkataba neno kwa neno, chungu hiki kimetoka Tanzania, kikapita Malawi, kikarudi Tanzania, na hakuna aliyegonga mhuri popote.

Mkataba wenyewe ni ule wa Waingereza na Wajerumani wa 1 Julai 1890, uliowapa Wajerumani kisiwa cha Helgoland na kuiacha Zanzibar chini ya Waingereza. Ibara ya kwanza inauleta mpaka kutoka mto Ruvuma hadi Ziwa Nyasa, kisha inaupitisha kwenye ukingo wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi mpaka ukingo wa kaskazini wa mdomo wa mto Songwe. Ukingo, siyo katikati. Waskoti walikuwa na meli yao, Ilala, ziwani humo tangu 1875, na Waingereza hawakuwa tayari kugawana maji hayo.

Ndiyo maana hoja inayotolewa upande wetu, kwamba "wakoloni walikosea", hainishawishi. Mwaka 1964 viongozi wa Afrika walikubaliana Cairo kuiheshimu mipaka waliyoirithi, pamoja na makosa yake. Hoja yenye mashiko nje ya mkataba ni ripoti ambazo Waingereza walizipeleka Shirikisho la Mataifa miaka ya 1920, walipokuwa wakiitawala Tanganyika kwa udhamini. Humo mpaka ulielezwa kuwa unapita katikati ya ziwa, ingawa baadaye maelezo hayo yaligeuka. Tanzania ilipodai rasmi mstari wa katikati mwaka 1967, Rais Banda wa Malawi alikataa katakata.

Ndani ya mkataba, mimi huirudia ibara ya 6. Inasema mistari hiyo inaweza kurekebishwa kwa makubaliano ya pande mbili kulingana na mahitaji ya mahali husika. Na haikubaki karatasini tu. Mwaka 1898 wapimaji wa pande zote mbili walikwenda uwandani, na makubaliano ya 1901 yakaunyoosha mpaka kuanzia Ziwa Nyasa hadi Ziwa Tanganyika. Ziwa lenyewe hawakuligusa. Malawi inaweza kusema kunyamaza ni kukubali. Tanzania inaweza kusema kazi ilibaki nusu. Kwa maandishi matupu, nadhani Malawi ina nafasi nzuri zaidi, na najua kwa kuandika hivyo nitagombana na jamaa zangu wa Kyela.

Ila kwa jicho la mpimaji, ukingo ni alama mbaya. Mwaka 1915 ziwa lilishuka hata maji yakaacha kutoka kwenda mto Shire. Kufikia 1980 lilikuwa limepanda mita kadhaa. Kwenye ufuko tambarare kama wa Kyela, mita moja ya kina inameza eneo kubwa la mchanga. Sasa tushike ukingo wa mwaka gani? Mstari wa katikati nao husogea, lakini husogea kule kwenye maji, haumkuti mama akiosha vyombo.

Mto Songwe, ambako mpaka unaendelea baada ya ziwa, una tabia zake pia. Sehemu ya chini unapinda kama nyoka, na mafuriko huukatia njia mpya. Siku moja karibu na Kasumulu, mji wa mpakani, nilimuuliza mzee mmoja mwenye shamba la mpunga mpaka uko wapi. Akanijibu, "Mwanangu, wa masika au wa kiangazi?"

Sheria ya mataifa ina jibu lake, isipokuwa kama nchi zenyewe zimekubaliana vingine. Mto ukila ukingo kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, mpaka unaufuata mto. Mto ukihama ghafla kwa mafuriko, mpaka unabaki kwenye mkondo wa zamani, hata kama umeshakauka. Kwa hiyo kipande cha shamba la yule mzee kilichokatwa na mto kwa usiku mmoja bado ni Tanzania, japo akitaka kwenda kukipalilia lazima avuke mto. Kile kilichomomonyoka taratibu tangu enzi za baba yake ndicho kilichokwenda.