Usiku hatutii nanga

Juzi harusini Kilifi nimeulizwa tena. Mzee mmoja aliposikia kazi yangu ni kupeleka yoti za watu, mashua za matanga za starehe, ng'ambo, alinivuta kando. "Haya mwanangu, mkiwa katikati ya bahari, usiku mnatia nanga wapi?" Nikamjibu, "Hatutii nanga, mzee wangu. Twaenda usiku kucha." Akacheka, akidhani namficha jambo. Swali hili limenifika kooni, basi naliandikia.

Njia ninayoijua zaidi ni ya kutoka Las Palmas, visiwa vya Kanari, hadi Saint Lucia huko Karibi, maili 2,700 hivi za baharini. Sehemu kubwa ya njia hiyo ina kina cha zaidi ya mita 4,000. Nanga haishiki kwa kugusa chini tu. Sharti mnyororo ulale sakafuni, na kwa hilo unataka urefu wa mara nne au tano ya kina. Piga hesabu: kilomita 16 za chuma, kwa uchache. Yoti yetu ilikuwa na mita 70. Isitoshe, kwa mwendo wa maili 6 kwa saa unafika kwa siku 19. Ukisimama kwa muda wa saa kumi kila usiku, siku zinapita 30, na maji ya tangini hayatakungoja.

Mzee simlaumu. Mashua za mwambao hujisetiri nyuma ya kisiwa zikingoja mwanga kwa kuogopa miamba, na hayo ndiyo aliyoyaona maisha yake yote. Ila majahazi yaliyokwenda Oman kwa kusi yalisafiri usiku vilevile.

Kinachoniudhi hasa ni maneno yanayofuata, na nimeyasikia hata kwa wenye yoti zao: "Aa, kumbe otopailoti inaendesha, nyinyi mmelala."

Hapana. Otopailoti, mtambo unaoshika usukani badala ya mtu, inashika njia tu, haioni kitu. AIS nayo, mtambo wa redio wa vyombo kutambuana, inaonyesha chombo kinachojitangaza. Meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri kimataifa zinalazimika kuwa nayo, lakini mashua ndogo ya uvuvi haina lazima hiyo, na gogo linaloelea halijitangazi. Ukisimama nyuma kwenye usukani, upeo wa macho yako uko kama maili tatu na nusu. Taa ya mlingotini ya meli kubwa inatakiwa ionekane kwa maili 6 angalau. Meli ikija na maili 18 kwa saa, nawe unaiendea uso kwa uso na maili 6, mnakaribiana maili 24 kwa saa. Tangu uione taa hadi mkutane ni dakika 15. Ukijiinamia na simu kwa dakika 20, umeshachelewa. Ndiyo maana Sheria ya 5 ya kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia vyombo kugongana baharini inataka mtu aangalie kwa macho na kusikiliza kwa masikio, wakati wote.

Basi tunakaa zamu. Watu wanne, saa tatu kila mmoja, halafu saa tisa za mapumziko. Kwenye karatasi ni starehe. Lakini upepo ukitoka tezi, yaani nyuma, chombo kinayumba kulia na kushoto bila kukoma, unalala umefungiwa kitambaa ubavuni usidondoke, na ukishapata usingizi unaitwa kupunguza tanga. Toa na muda wa kupika, kukagua kamba zinazosuguana na kugeuza mayai yasiharibike. Usingizi wa kweli ni saa tano, nao unakuja vipandevipande.

Vitabu vinasema mwili huzoea baada ya siku tatu. Mimi, baada ya kuvuka mara kadhaa, sisadiki. Siku ya tatu kichefuchefu kinaisha, ni kweli, ila makosa nayaona wiki ya pili, kila mtu anapojiona ameshazoea. Wala sijaamua kama zamu ya saa tatu inashinda ya saa nne. Nimejaribu zote mbili na nimechoka kwa zote mbili.

Usiku mmoja niliitegemea kengele ya AIS nikafumba macho. Wingu jeusi la mvua halipigi kengele. Lilitufika kwa nyuma na upepo wake, otopailoti ikazidiwa, chombo kikageuka ubavu, tanga la mbele likachanika kutoka ukingoni. Wenzangu watatu walitoka wakiwa wamevaa nguo za ndani tu. Hakuna aliyeumia. Siku mbili tulishona.

Sasa mwenzangu namwamsha dakika 20 kabla ya zamu yake, maana macho yanahitaji muda huo kulizoea giza. Namgusa mguu, simmuliki usoni, taa ya ndani ni nyekundu. Simruhusu apande ngazi kabla hajafunga mkanda wake kwenye kamba ya usalama, hata bahari ikiwa shwari. Tunakaa pamoja kidogo. Kisha namkabidhi: njia ni ileile, tanga kuu limekunjwa mara moja, meli moja mkono wa kushoto inakwenda zake, wingu liko nyuma na bado liko mbali, liangalie. Chai imo kwenye chupa.