Gavana wa Texas asiposaini, muswada haufi

Kila kikao cha bunge la Texas kikifungwa maneno ni yale yale: gavana asiposaini, muswada umekufa, akisaini leo, kesho polisi wanakamata. Yote mawili si kweli.

Kikao cha 2025 kilifungwa Juni 2. Gavana akawa na siku 20 za kusaini au kukataa. Akinyamaza tu, muswada unageuka sheria bila saini yake. (Washington ni tofauti: Kongresi ikishaahirishwa, muswada ambao rais hakuusaini unaweza kufa kweli. Huenda ndiko dhana ilikotoka.) Ndiyo maana gavana huyo, Greg Abbott, ambaye hakuutaka muswada wa kupiga marufuku bidhaa zenye THC, kile kilevi cha bangi, ilimbidi aukatae rasmi. Alifanya hivyo Juni 22 usiku, dakika chache kabla ya muda kwisha.

Kuanza kutumika ni habari nyingine. Kwa kawaida katiba ya jimbo inataka siku 90 zipite baada ya kikao kufungwa, isipokuwa theluthi mbili ya kila baraza la bunge ikubali sheria ianze mara moja. Kwa hiyo nyingi huanza Septemba 1. Tarehe huandikwa mwishoni kabisa mwa muswada, na mimi huanza kusomea huko.