Tozo ya Kujitoza: Wafanyabiashara Wanavyogharamia Mtaa Wao

Mwishoni mwa miaka ya 1960, wenye maduka wa Bloor West Village mjini Toronto walikuwa wanapoteza wateja. Treni mpya ilipitisha abiria chini ya ardhi, na maduka makubwa yenye maegesho yakawavuta wenye magari. Chama cha hiari walikuwa nacho, ila baadhi walichanga na wengine wakakaa pembeni, na mtaa ukipambwa walinufaika wote. Wakaomba sheria ya kumbana kila mmoja wao alipe. Mwaka 1970 mtaa huo ukawa eneo la kwanza duniani la biashara linalojitoza.

Huko kubanana ndiko kunakoufanya mpango udumu. Mchango wa hiari huchosha walio waaminifu kwanza, kwa kuwa mbele ya duka la asiyechanga hufagiwa vilevile.

Utaratibu wenyewe hutofautiana. Nchini Uingereza, sheria ya 2003 inataka kura ya walipaji, na mpango hupita kwa masharti mawili: waunge mkono wengi kwa idadi, na pia kwa thamani ya majengo ya waliopiga kura, yaani makadirio ya pango la kila jengo kwa mwaka. Kwa hiyo duka kubwa haliwezi kuwaburuza wadogo, wala wadogo hawawezi kuliburuza. Tozo ikiwa 1%, aliye kwenye jengo lililokadiriwa pauni 50,000 hulipa pauni 500 kwa mwaka. Halmashauri huzikusanya, kisha bodi ya eneo huzitumia kwa kazi zilizoandikwa kwenye mpango. Baada ya miaka 5, au kabla, kura hurudiwa, na mpango unaweza kukataliwa.

Fedha hizo huenda kwenye usafi, ulinzi, taa, maua na matangazo ya eneo. Wakati mwingine hufanya makubwa zaidi. Bustani ya Bryant Park, New York, ilikuwa kijiwe cha wauza dawa za kulevya katika miaka ya 1970. Ilifunguliwa upya mwaka 1992 baada ya kukarabatiwa, na sehemu ya gharama za kuitunza hutokana na tozo ya majengo jirani.

Hata hivyo, mimi huuliza kwanza: nani anaumia? New York tozo humwangukia mwenye jengo, lakini mikataba mingi ya pango huishusha kwa mpangaji. Muuza viatu anaweza kuilipa bila kuwa na sauti kubwa kwenye bodi, ambako wenye majengo ndio wengi. Asiye na makazi anayeondolewa kwenye benchi na mlinzi wa eneo hana sauti kabisa. Na mtaa wa matajiri hukusanya nyingi kuliko mtaa ulio hoi, ingawa huo wa pili ndio wenye mashimo.

Hatari nyingine ni halmashauri kulegea. Ikiona wafanyabiashara wameajiri wafagiaji wao, inaweza kuwapunguza wake, na mlipaji akajikuta analipia usafi uleule mara mbili. Maeneo mengi ya Uingereza huweka makubaliano ya maandishi yanayotaja huduma ambazo halmashauri itaendelea kutoa: barabara zipi, zifagiliwe mara ngapi. Ukiletewa karatasi ya kura, omba kuyaona makubaliano hayo, pamoja na hesabu zilizokaguliwa za kipindi kilichopita, uone kiasi gani kilikwenda mtaani na kiasi gani kililiwa na ofisi.