Mkono Hausubiri Ubongo

Wengi huamini kwamba mtu akigusa sufuria ya moto, ubongo ndio unaoamuru mkono urudi nyuma. Sivyo. Taarifa kutoka kwenye ngozi ya vidole hupita katika neva hadi kwenye ugwe mgongo, ile kamba laini iliyomo ndani ya uti wa mgongo, na humo humo amri hutolewa kwa misuli ya mkono kabla ubongo haujatambua maumivu. Ule mwako unaobaki baadaye husafirishwa na nyuzi za neva zinazopitisha taarifa kwa mwendo wa takriban mita 1 tu kwa sekunde. Hata hivyo, ubongo waweza kuizuia amri hiyo: aliyeshika kikombe cha chai ya moto, mtoto akiwa miguuni pake, hujikaza asikiachie ingawa vidole vinaungua.