“Kama kilivyo” hakukuokoi

Kazi yangu ni kupima udongo wa viwanja vilivyochafuliwa. Nimeambiwa tena wiki hii, na mtu anayeuza kiwanja palipokuwa pakiyeyushwa betri: “Tuandike tu mnunuzi amekipokea kama kilivyo, yamekwisha.” Hayajaisha! Kifungu hicho kinawafunga nyinyi wawili, muuzaji na mnunuzi. Jirani ambaye kisima chake kimeingia risasi, ile metali yenye sumu ya kwenye betri, hakutia sahihi, wala NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya.

Hooker Chemical, kampuni ya kemikali, walijaribu. Mwaka 1953 waliiuzia bodi ya shule ya Niagara Falls, Marekani, eneo la Love Canal walikofukia taka za kemikali, kwa dola 1, na hati ikasema madhara yakitokea wao hawamo. Mwaka 1995 Occidental, waliokuwa wameinunua Hooker, walikubali kuilipa serikali kuu dola milioni 129. Hapa kwetu Mombasa, hukumu ya 2020 katika kesi ya wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, walioathiriwa na risasi, haikuishia kwa waliokuwa wakiyeyusha betri. Kampuni iliyowapangishia kiwanja nayo ilibebeshwa sehemu ya fidia.

Bei haina ugumu. Toa gharama ya kusafisha kwenye bei, na fungu la pesa likae kwa wakili mpaka kazi ikaguliwe. Udongo uliochimbwa uwe na karatasi za ulikopelekwa, maana lori likiumwaga usiku kando ya barabara, mna kesi ya pili.

Kinachonichosha ni “safi”. Safi kwa matumizi gani? Godauni lenye sakafu ya zege ni jambo moja. Ua ambao mtoto atatambaa na kutia vidole mdomoni ni jingine kabisa. Tena vipimo havitulii. Kwa risasi kwenye udongo wa makazi, Marekani walitumia miligramu 400 kwa kilo miaka mingi, kisha Januari 2024 wakashusha kiwango cha kuanzia uchunguzi hadi 200. Aliyekabidhi kiwanja chenye 350 alikabidhi “kisafi”, sasa anaulizwa upya. Kwa hiyo mkataba uandike namba, kina, matumizi, nani achukue sampuli, na nani alipe namba hiyo ikibadilishwa. Hicho cha mwisho mawakili hukiruka, ndicho kinachorudisha watu mahakamani.

Hata hivyo, ripoti yangu mwenyewe msiiabudu. Tunatoboa mashimo, tunapima, tunachora ramani yenye rangi nzuri. Kati ya shimo na shimo ni makisio. Tindikali iliyomwagwa mtaroni haifuati mpangilio wa mashimo yangu. Ndiyo maana nawasukuma wauzaji wakubali pesa ya akiba ikae hadi msingi wa jengo jipya uchimbwe, na ndipo wengi wao huacha kupokea simu zangu.