Maji ya chumvi shambani hayampi mtu ukimbizi

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magurupu ya Unguja na Pemba mwaka hadi mwaka: eti mkulima ambaye bonde lake la mpunga limeingiliwa na maji ya bahari anahesabiwa mkimbizi wa tabianchi, na akijaza fomu atapokewa Ulaya au Ghuba bila mkataba wa kazi.

Maji ya chumvi ni kweli. Pemba yapo mabonde yasiyolimika tena. Haki hiyo ndiyo haipo. Mkataba wa wakimbizi wa 1951, kifungu cha 1, unamtambua anayehofia kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa. Kupanda kwa bahari hakumo. Someni wenyewe, maelezo hayo ni mistari michache. Na Omani, kibali cha mfanyakazi mgeni hufungamana na mwajiri wake.

Mkanganyo una chanzo. Mwaka 2023 Australia na Tuvalu, nchi ya visiwa vidogo katika Bahari ya Pasifiki, zilitia saini makubaliano yanayoruhusu hadi raia 280 wa Tuvalu kwa mwaka kuhamia Australia, na tabianchi imetajwa mle. Ni ya nchi mbili hizo tu, Mzanzibari hamo.

Tafadhalini, tusiusambaze ujumbe huo, hata kwa nia ya "huenda ukamfaa mtu". Fomu inayotaka nakala ya pasipoti na "ada ya usajili" ni ya kuogopwa. Anayekwenda kazini nje aulize: mwajiri ni nani, mshahara kiasi gani, tiketi analipa nani, na mkataba umepitia ofisi ya kazi ya serikali?